Taa za kompyuta yangu na mbuzi za Ndinda

Alhamisi. Jua ya leo imepiga mji wetu wa Wote mpaka mabati inalia yenyewe, na vumbi imeingia hadi katikati ya karatasi za fotokopi. Lakini si jua imenimaliza. Ni aibu.

Nimefungua duka tangu asubuhi na sijachekesha mtu hata mmoja. Jamaa wa boda anaegeshanga hapa mbele ameniuliza, "Mama Mumbua, umefiwa?" Nikamwambia hapana. Akaniangalia, akasema basi ni meno. Nikasema ndio, ni meno.

Hata hiyo nimedanganya.

Wacha niandike. Nikiongea itatembea, na mimi najua venye maneno yangu inatembeanga. Nikiandika angalau itakaa mahali moja.

Wale hamnijui, mimi niko na duka ya kuchapa na fotokopi hapa karibu na soko. Shule nilitoka darasa la sita, lakini kuchapa nilijifunza polepole, na mwenye alinifunza ni Ndinda. Ndinda ni msichana wa hapa hapa, wa church yetu, mama yake anakaa huko nyuma ya posho mill. Ndiye alikuwa ananisaidia kwa duka. Hata hii blogu ni yeye alinifungulia, akaniambia, Mama, haya yote unaongeanga hapa ungekuwa unaandika watu wasome. Tukacheka. Sasa ona venye ninaandika.

Ndinda ako na mchumba, anaitwa Mutua, wa Mwingi. Jumamosi iliyopita ndio watu wa Mutua walikuwa waje na ntheo. Kama wewe si Mkamba, ntheo ni ile siku watu wa kijana wanaleta mbuzi za kwanza kwa akina msichana. Kabla hizo mbuzi ziingie boma, kwetu hakuna mtu ataniambia ameoa, hata anionyeshe pete na picha za church.

Hizo mbuzi hazikuja. Ni mimi nilizizuia, na nilizizuia nikiwa nimekaa tu hapa Wote, na mdomo.

Ilianza na taa. Hapana, si na taa. Lakini wacha nianze na taa, ndio mtu aelewe.

Kompyuta yangu ililetwa na Musyoki, mtoto wa dada yangu, fundi wa hizi vitu huko Nairobi. Mwenye alikuwa nayo mbeleni alikuwa mtu wa kucheza gemu. Iko na kioo kwa ubavu, na ndani feni zinawaka, na kibodi pia inawaka kwa chini kama jiko ya gesi. Nilikuwa nimeshona kitambaa ya kuifunika, ile nyeupe na pinki, na mkono yangu. Nilipoona hizo taa nikakunja kitambaa nikarudisha nyumbani. Nikasema hii haifunikwi.

Taa zilikuwa rangi moja tu, buluu. Musyoki aliniambia, anti, hapo iko sawa, wacha hivyo. Lakini mimi si mtu wa kuacha. Nikaona video kwa intaneti, mtu taa zake zinabadilika rangi na muziki. Nikafuata venye anafanya. Ilikuwa inaniuliza maswali ya Kiingereza na mimi najibu yes, yes, yes, mpaka programu ya taa ikaingia. Kesho yake taa za duka yangu zilikuwa zinaruka na nyimbo za kwaya. Aki ilikuwa kitu ya kuona. Mtu anakuja kutoa kopi moja ya kitambulisho, anakaa kama ako harusini. Mama mmoja wa Kikima alisimama hapo mpaka gari yake ikamwacha, na hakukasirika.

Ndinda peke yake ndio hakufurahi. Aliniuliza, Mama, mchana tunaweza kuzima hizi taa kidogo, zinaniumiza macho? Nikamwambia zima. Lakini moyoni nikasema, huyu ako na wivu ya mashine.

Sasa kazi yetu tulikuwa tunagawana hivi. Asubuhi ni mimi. Nawasha, nachapa zile kidogo naweza, natoa kopi. Tukimaliza kula chakula ya mchana, Ndinda anakalia kiti mpaka jioni na mimi natoka. Ukiniuliza naenda wapi, naenda kwa Syombua. Syombua ni rafiki yangu, anauza ndengu na mboga pale kona. Mimi namsaidia kuchagua ndengu, yeye ananisaidia kujua nani amefanya nini. Ndio maisha yetu, sijifichi.

Baada ya wiki kidogo kompyuta ikaanza mambo. Asubuhi inakimbia vizuri. Mchana inaanza kukokota miguu. Ikifika wakati watoto wanatoka shule, unabonyeza herufi hapa na inatokea kwa skrini baadaye, kama ilikuwa inatembea kutoka Kitui. Mwalimu mmoja mtihani yake ilipotea Ndinda akiwa amefika swali ya mwisho. Aligombana sana, akachukua karatasi zake akapeleka kwa duka ingine. Ndinda anazima, anawasha, inapona kidogo, inaanza tena. Na mimi kesho asubuhi nikiwasha, iko sawa kabisa.

Wewe ungesema nini? Mimi nikiikalia iko mzima. Yeye akiikalia inakufa.

Siku moja nikarudi mapema. Ndinda alikuwa ametoka nje kumpigia Mutua simu. Kwa skrini kulikuwa kumeandikwa maneno ya Kiingereza, na katikati nikasoma neno moja, memori. Hiyo neno naijua. Simu yangu ikisema memori, najua picha na video zimejaa, unafuta, inapona. Basi nikajua kompyuta yangu imejazwa vitu. Na si mimi nimejaza.

Nikazitafuta hizo picha. Naandika hii na uso inawaka. Nilifungua kila mahali najua kufungua. Nikapata za passport za wateja, nikapata programu za mazishi, nikapata za harambee ya church. Za Ndinda hakuna hata moja.

Mtu na akili yake angesema, basi hakuna. Mimi nilisema, amezificha.

Nikaenda kwa Syombua nikiwa nimefura. Akaniuliza nimekuwaje. Nikamwambia, "Huyu msichana wangu kuna vitu anajaza kwa kompyuta nikitoka."

"Vitu gani?"

"Sijui. Picha."

"Za nani?"

Hapo ndio ningenyamaza. Mlango ilikuwa wazi kabisa ya kunyamaza. Lakini ndengu iko kwa sinia, jua imepoa, Syombua amenikazia macho, na mimi hiyo ndio saa naipendanga kuliko zote kwa siku. Nikamwambia, "Kwani picha za nani zinafichwanga na msichana anangojea mbuzi?"

Tukacheka. Akanipiga begani akasema, "Weeee." Mimi nikaendelea kuchagua mawe kwa ndengu.

Sikusema nimeona picha. Nimejiambia hivyo mara nyingi hii wiki, hata kitandani. Sikusema nimeona, niliuliza tu. Lakini najua venye niliuliza.

Syombua ako na dada ameolewa Mwingi. Hiyo peke yake inatosha. Kufika huko, maneno yangu ikakula ikashiba, ikarudi Wote ikiwa imenona. Kuna mwanaume. Ako na gari ya kijivu. Anakaa Emali. Na mnajua mimi niliisikia wapi? Kwa mkutano ya akina mama wa church, kutoka kwa mtu mwingine kabisa, na sikuitambua. Aki ya Mungu, niliisikia kama habari mpya. Nikauliza, "Ati kumbe? Wa Emali?" Na nikasema, si nilijua, si nilijua huyu msichana kuna kitu.

Ni kama mtoto wangu mwenyewe alinisalimia barabarani na nikamuuliza ni wa nani.

Ijumaa mama yake Ndinda akapigiwa simu kutoka Mwingi. Akaambiwa mbuzi zimeshikwa na homa, haziwezi kusafiri, wangoje watasikia. Mbuzi zote. Siku moja. Hakuna mtu mzima alikosa kuelewa hiyo homa ni ya nini.

Na kwa akina Ndinda kulikuwa tayari. Tenti imekuja, viti imekuja, akina mama tumekaa hapo siku mbili tunatwanga mahindi ya muthokoi, mimi nikiwa mbele, mimi ndio nilikuwa naimbisha. Chakula kama hiyo haiwekwi. Jumamosi ikapikwa tu, ikagawanywa kwa majirani, kila nyumba bakuli. Yangu nililetewa na Ndinda mwenyewe, amefunika na sahani. Alisema tu, "Mama, mama amesema ukule ikiwa moto."

Nikakula.

Ilikuwa tamu. Nikaosha bakuli nikarudisha, na nikiwa huko nikamshika mama yake mkono, nikamwombea, kwa sauti, mpaka nikatoa machozi. Niliomba Mungu afunue adui wa hii boma.

Jumatatu Ndinda hakuja kazi. Sikumlaumu. Nikakalia kiti mwenyewe kutoka asubuhi, nikaleta chakula nikakula hapo hapo. Mchana ikifika, mashine ikaanza kukokota. Nikabonyeza, hakuna. Nikabonyeza tena. Taa zinaruka na wimbo, rangi zote, vizuri kabisa, lakini barua ya mteja imekwama. Na ile maandishi ya memori ikatokea, na kwa hii chumba hakuna mtu isipokuwa mimi na mteja, mzee mmoja ananiuliza kama arudi kesho.

Ndinda hayuko. Na bado inakufa.

Nikampigia Musyoki. Akaniambia nibonyeze mahali fulani kwa kibodi, vitufe tatu pamoja, ifungue orodha ya vitu zote zinafanya kazi ndani. Akaniambia, "Anti, nisomee ile ya juu kabisa." Nikamsomea herufi moja moja, kwa sababu jina yenyewe ilinishinda.

"Hiyo ni ya taa," akasema. "Ni nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Ya kucheza na muziki?"

"Ndio."

Akanieleza polepole, venye mtu anaelezea mama yake. Kwa kompyuta kuna memori mbili. Ya picha ni kama stoo, na stoo yangu iko tupu karibu yote. Hii ingine ni kama meza ya kufanyia kazi. Kila kitu umefungua inakaa juu ya meza, na ukimaliza inatoka. Sasa hii programu yangu ya taa iko na ugonjwa. Kila mara taa zikibadilisha rangi inachukua kanafasi kadogo kwa meza, na hairudishi. Asubuhi huwezi kuona. Kufika mchana imekalia meza yote, na wewe na barua zako hamna mahali. Ukizima mashine meza inafagiliwa, kesho inaanza upya.

Nikamuuliza, na Ndinda akizima taa mchana? Akasema taa ni taa, programu ni programu. Ukizima taa, programu yenyewe inaendelea tu huko nyuma, huioni.

Akaniongoza nikaitoa. Mashine ikashtuka kama mtu amemwagiwa maji. Barua ya mzee ikatoka kwa printa nikiwa bado nimeshika simu. Musyoki akasema, anti, umeona, ilikuwa kitu kidogo. Nikasema ndio.

Ilikuwa kitu kidogo.

Sasa hii ndio ile sehemu sitaki kuandika. Kitu ya kwanza nilifikiria si Ndinda. Nilifikiria, hakuna mtu anajua. Nimeitoa, imeisha, Musyoki ako Nairobi, hajui mambo ya mbuzi. Nikinyamaza, watu watasahau, na Ndinda ni msichana mzuri atapata mwingine. Nilikunywa chai kikombe yote nikiwa na hiyo wazo, na chai iliteremka vizuri.

Kitu ya pili nilifikiria ni Syombua. Nikaenda kona nikamwambia, umeona venye umefanya? Wewe na dada yako mmeharibia mtoto wa watu. Syombua hakunyanyua hata kichwa kwa ndengu. Akaniambia, "Mimi niliongeza chumvi, sikatai. Lakini nyama ulileta wewe."

Na hakucheka. Hiyo ndio iliniuma. Syombua hakosangi kucheka.

Jumanne nikaenda kwa mama yake Ndinda. Nilimkuta anafagia mahali tenti ilikuwa. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa sababu hakuniambia nikae. Nilianza na taa, nikaeleza meza na stoo, nikaeleza rangi, nikaeleza Musyoki. Yeye anafagia. Nilipofika kwa Syombua na ile swali yangu, akaacha kufagia.

Akaniuliza, "Jumamosi uliomba hapa. Uliomba nini?"

Macho yangu ikabaki kwa ufagio.

Ndinda alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane, nipumue. Aliongea tu kama mtu anaelekeza mgeni barabara. Akasema, "Mama, hiyo maneno haikukaa Wote. Ilienda Mwingi. Huko ndio uiambie."

Basi jana nikaenda Mwingi. Safari sitaeleza, kila mtu anajua ni mbali.

Mwenye alizuia mbuzi ni shangazi yake Mutua, mama Kalondu, ndiye alimlea. Ako na kibanda karibu na soko ya mifugo, anauza kamba na chumvi ya ng'ombe. Mama mkubwa, mweusi, mpole, ile upole ya mtu hajawahi kuhitaji kupiga kelele. Nikamsalimia, nikamwita mwaitu, venye tunaita mama wa heshima. Alinipa debe nikae. Kulikuwa na wanaume wawili wanachagua kamba hapo, wakanifanya nishushe sauti.

Akaniambia, "Sema na nguvu. Ile ingine haikusemwa polepole."

Wanaume wakaacha kuchagua kamba.

Nikaanza. Nilikuwa nimejipanga njiani yote. Nikamwambia, mwaitu, kompyuta yangu iko na taa, na hizo taa zilikuwa zinakula memori, na mimi sikujua, nikafikiria ni picha.

"Taa inakula nini?"

"Memori."

"Ni chakula gani?"

Nikamweleza ni kama meza. Akasema, "Taa inakula meza." Mmoja wa wale wanaume akakohoa. Nikaeleza tena, stoo na meza, na rangi, na venye inachukua kidogo kidogo hairudishi, na venye inaendelea huko nyuma hata ukizima. Nilikuwa nasema ukweli, ukweli yote, na nikijisikia mwenyewe ilikuwa inatoka kama uongo ya mtoto amevunja sahani. Nilivyozidi kueleza ndivyo macho yake ilivyozidi kuwa ndogo.

Akaniuliza kwa upole, "Mama yake msichana amekupatia nini ndio uje na hii hadithi?"

Hapo nilijiona nikirudi Wote nikiwa nimezika Ndinda mara ya pili. Nimekuja kumtoa shimoni na hii mama anaona nimetumwa, na mtu akitumwa kudanganya, basi ile ya kwanza ilikuwa kweli. Kompyuta haikuwa inanisaidia. Na kusema ukweli niliileta hiyo hadithi ya kompyuta mpaka Mwingi ili nisimame nyuma yake.

Nikaiacha.

Nikamwambia, "Mwaitu, wacha taa. Hakuna picha. Sikuona picha. Nilitafuta, nikakosa, na bado nikasema."

"Hukuona?"

"Sikuona."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na mwanaume wa Emali?"

"Simjui. Hakuna. Huyo alizaliwa njiani."

"Sasa ulisema kwa nini?"

Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo swali, na mimi nimesema mambo mengi kwa hii maisha. Wananiuliza nimesikia wapi. Wananiuliza na ikawaje. Nikamwambia, "Kwa sababu rafiki yangu alikuwa ananisikiliza."

Mwanaume mmoja akaweka kamba chini, akaenda. Mwingine akabaki, na nilimtamani aende pia.

Halafu mama Kalondu akasema, "Hiyo naelewa." Akanyanyuka akafunga gunia ya chumvi, akanipatia mgongo. "Ungeanza na hiyo. Umenizungusha na mataa." Nikangoja. Nilifikiria atasema zaidi, atanikemea, ataita watu wengine wanione. Akasema tu, "Rudi kwenu mapema. Mbuzi zetu hazina homa."

Nililia njia yote, lakini kidogo ilikuwa ya furaha, sitadanganya.

Na leo nikangoja simu ya Ndinda. Nilijua ataniambia. Nilikuwa hata nimefikiria nitavaa gani Jumamosi, ona mtu. Nilikuwa nimefikiria venye nitasimama mbele kwa geti na akina mama, tuwazuie wageni na nyimbo mpaka waombe kuingia. Hiyo kazi ni yangu. Hapa kwetu hakujawahi kuwa na ntheo mimi nikakosa mbele kwa geti.

Ujumbe ikaingia saa ya chakula. Nimeisoma mpaka nimeishika kwa kichwa.

"Mama, wamepiga. Wanakuja Jumamosi. Mama anasema asante kwa kwenda Mwingi. Anasema pia usikuje."

Ya kurudi kazi hakuniambia. Sikumuuliza.

Nimekaa na hiyo ujumbe mchana yote. Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema, si nimerekebisha? Si nimejianika mbele ya watu wa kamba? Halafu nikamfikiria yule mama akipokea mbuzi huku ananiangalia nikiimba, na mkono yangu ndio ilimshika Jumamosi ile nikimwombea. Hasira ikaisha yenyewe. Kama ni mimi, hata mimi singeniita.

Kompyuta imefanya kazi leo siku nzima bila kukwama, naandika nayo hii saa hii, jioni, na herufi zinatokea pale pale nikibonyeza. Wateja wameuliza taa zilienda wapi. Nimewaambia zilikuwa zinaharibu mashine. Hiyo ni kweli. Lakini kila nikiisema naona naanza tena kusimama nyuma yake, kwa hivyo wacha niandike hapa wazi, watu wasome, hata wale akina mama wa church, hata wa Mwingi wakipenda. Ndinda hakujaza kitu. Ndinda hana mtu Emali. Taa ziliharibu kompyuta peke yake. Ile ingine yote niliharibu mimi.

Jumamosi nitafungua duka kama kawaida. Kutoka hapa mpaka kwao si mbali, wakianza kuimba nitasikia, na nitajua kwa sauti ni nani amechukua mahali yangu kwa geti. Hiyo nitavumilia.

Lakini jioni Syombua atatoka huko. Atakuja moja kwa moja hapa, namjua, hata kiatu hatabadilisha. Atakuwa ameona mbuzi, ameona mama Kalondu, ameona Ndinda amevaa nini na mama yake amesema nini, na atakaa kwa hii kiti na aanze, "Haiya, Mama Mumbua, wacha nikwambie."

Nataka kumwambia, sitaki kujua. Nimejaribu kuisema leo kwa sauti, nikiwa peke yangu, nione kama inaweza kutoka kwa huu mdomo. Imetoka, lakini ilikuwa na swali kwa mwisho.

Nitaweza?